Rangi Aliyonong'onezwa Baba

Dereva akifungua radiateri ya lori kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, ile harufu tamu ya dawa ya maji ya kupoza injini hunirudisha utotoni, kwenye garaji ya mgodi, nimeshika kikwembe, kitenge alichojifunga mama.

Baba alikuwa fundi wa malori. Tulimpelekea bukari, ugali wetu, mchana, injini zikiwa zimepoa. Kabla ya kunawa, alichovya karatasi ya kupimia kwenye maji ya radiateri. Ikigeuka nyekundu hafifu, ile tunayoita roze, dawa bado ina nguvu. Ikibaki nyeupe, kutu itaila injini.

"Mama, kuya unipanguse jasho!" aliita.

Mama akamwinamia na kitambaa, akaitupia jicho karatasi, akamnong'oneza sikioni, "Iko roze, papa." Mafundi wenzake wakapiga miluzi, wakidhani ni mapenzi.

Njiani kurudi nyumbani nilimuuliza mama kwa nini baba hasemi rangi mwenyewe.

"Papa yako haonake roze, anaichanganyaka na rangi ingine. Shefu akijua, atamufukuza ku kazi."

Jumapili mama alijifunga kikwembe kipya cha kijani hafifu kwa ajili ya misa. Baba, ndani ya abacost, suti yake isiyo na tai, alimtazama akatabasamu.

"Mama, hii roze iko muzuri sana!"

Mama alinitupia jicho ninyamaze, kisha akamshika mkono.

"Ndiyo, papa. Iko roze."