Ukuta wa Mama Izogie Mbele ya Jaji

Kila kiangazi Mama Izogie alikuwa akinunua kopo la rangi nyekundu, anapanda kigoda na kuyapaka upya maneno yaliyo kwenye ukuta wa nyumba yake: NYUMBA HII HAIUZWI. Hapa mjini Benin kuta nyingi zinasema hivyo, maana matapeli wetu wanaweza kuuza nyumba mwenyewe akiwa ndani anakula. Kusoma hajui. Hutangulia kidole, ndipo brashi ifuate, nami mpangaji wake nilimcheka miaka mingi kutoka kwenye cherehani yangu.

"Mama, hiyo B leo imeota kitambi!"

"Shona suruali za watu, mvivu wee. Marehemu mume wangu aliniambia niyatunze maneno haya, nayatunza."

Kisha Omoruyi, tajiri wa mtaa wa pili, akamshtaki. Alidai kwamba marehemu Ehigie, mume wa Mama, alimuuzia nyumba ile mwaka 1988, na akatoa fotokopi ya mkataba. Mkataba wenyewe, eti, uliungua.

Wakili wetu, binti aitwaye Itohan, alikuja kuutazama ukuta. Chini ya maneno pameandikwa 1991.

"Aliyekwisha kuuza angeandikaje hivi miaka mitatu baadaye?" akasema. "Hii ni hati."

"Hati? Ukuta?" nikamaka.

"Sheria haisemi karatasi tu, fundi. Chochote kilichoandikwa maneno au alama za kueleza jambo ni hati. Na kama hakibebeki, mahakama hupokea picha yake."

Nikaona tumeshinda. Lakini mahakamani wakili wa Omoruyi aliitazama ile picha akacheka.

"Mheshimiwa, rangi hii ni ya juzi, na kaipaka mama mwenyewe. Hati halisi iko wapi?"

Utunzaji wake wote ndio uliokuwa ukimtoa nyumbani kwake.

Jaji akafikiri. "Ukuta hauwezi kuja kwetu," akasema. "Basi twende sisi."

Wakaja kweli: jaji, karani, mawakili, na mtaa mzima nyuma yao.

"Mama, unapakaje herufi usizozijua?" jaji akauliza.

"Nafuata mifereji, Mheshimiwa. Baba Izogie aliichora kwa msumari, saruji ikiwa bado mbichi."

Miaka yote ile ya kumcheka, sikuwahi kumuuliza.

Jaji akaamuru rangi ikwanguliwe. Ilidondoka tabaka kwa tabaka, nyekundu chini ya nyekundu, hadi saruji ikaonekana. Maneno yalikuwa pale, na mwaka wake, na pembeni alama ya dole gumba iliyozama ukutani. Jaji alivua miwani, akapitisha kidole ndani ya herufi, taratibu, alivyofanya Mama siku zote.

"Hii si nakala," akasema. "Hii ndiyo hati yenyewe."

Karani akaandika pembeni kwa chaki: KIELELEZO. Fotokopi ya Omoruyi ilikataliwa, maana huo moto hakuna aliyeushuhudia, na nyumba ikabaki kwa Mama.

Kiangazi kilipofika nilinunua kopo la rangi mimi mwenyewe, kama kumwomba radhi. Hakulipokea. Alikuwa amesimama ukutani, dole gumba lake ndani ya lile la mumewe.

"Kumbe alikuwa hapa," akasema, "na mimi kila mwaka namfunika."