Kitufe cha "Endelea Bila Yeye"

"Karne nzima! Karne nzima unakodolea macho sentensi moja! Wajukuu zangu watakuja kutukuta hapa hapa, wewe na mstari wako!"

Huyo ni meneja wetu, na hana hata mtoto, achilia mbali wajukuu. Aliyekuwa anafokewa ni Bi Mistari, mtunza mafaili ya lugha. Kazi yake ukielezwa utaiona rahisi. Tovuti ya kuwekea miadi ya hospitali inasema lugha saba, kila lugha na faili lake, mistari elfu mbili na ushee. Yeye anahakikisha mafaili yote saba yanakwenda sambamba, kila mstari anauwekea tiki. Ukibaki hata mmoja, lugha hiyo haitoki hewani.

Siku hiyo lugha yetu ilitakiwa itoke saa sita mchana. Ulibaki mstari mmoja: "Endelea bila yeye."

"Bila nani?" akauliza Bi Mistari.

Hakuna aliyejua. Fundi aliyeuandika alishahama kazi. Mwingine angeweka tiki akanywe chai zake. Huyu mama, akikuta mlango umefungwa, lazima achungulie tundu la ufunguo. Akaingia tovuti ya majaribio, akajiandikisha kama mzee wa miaka tisini, mara mjamzito wa mapacha, mara kichanga cha siku mbili. Kufika saa nne ameshaugua magonjwa kumi na tisa, na mimi dereva nimeitwa kutazama kila moja. La ishirini, akajifanya mgonjwa wa kupasuliwa, mwenye mtu wa kumsindikiza. Msindikizaji wa kubuni akatumiwa ujumbe athibitishe kuwa atakuja, atajibu wapi? Zikapita dakika kumi, hicho hapo kitufe chekundu: Endelea bila yeye.

"Haya, umekiona," meneja akasema. "Weka tiki, dada yangu, la sivyo lugha yetu inabaki nje na kibarua chako kinaota nyasi."

"Ngoja kwanza, mdogo wangu." Akakibonyeza. Jina la msindikizaji likafutika. "Alaa! Sasa huyu akija siku yenyewe, mlangoni watampitisha?"

"Si kazi yako hiyo!"

"Mgonjwa anabonyeza akidhani anasogea mbele tu, kumbe kamfuta mumewe. Kama hapitishwi, inabidi tumwambie hapa hapa, kabla hajabonyeza. Kama anapitishwa, tiki hii hapa."

"Saa tano na nusu! Unaweka, huweki?"

Bi Mistari akavuta viatu vyake chini ya meza, akavaa, akachukua mkoba.

"Shemeji," akaniambia, "hospitali ni mwendo gani kwa miguu?"

"Robo saa, ukikaza. Lakini gari lipo."

"Gari haliendi popote!" meneja akapiga meza. "Nimekuuliza, unaweka au huweki?"

Bi Mistari alikuwa ameshafika ngazini, anamuuliza dada wetu wa mapokezi kama amewahi kumsindikiza mtu kwenda kupasuliwa, na walimpitishia mlango gani.