Kikombe cha Kwanza

Chai ya Bi Sitara ilikuwa nyeusi kama wanja. Aliiinjika alfajiri kwenye kibaraza cha nyumba aliyopanga chumba, nyuma ya soko la Kariakoo. Maji yalitangulia, ikafuata tangawizi ya kupondwa na mdalasini wa kuvunja kwa mkono. Majani aliyatia maji yakishatokota, akayaacha yachemke mpaka yatoe kila yalichokuwa nacho. Maziwa hayakuwahi kupita kwenye sufuria ile. Wabeba mizigo waliijua chai hiyo na benchi lake. Gunia la vitunguu, walikuwa wakisema, halibebwi kwa chai ya mgonjwa.

Lakini kikombe cha kwanza, kile kinachomiminwa chai ikiwa bado inafoka, hakikuwa cha mteja. Kilikuwa cha mumewe, Fikirini, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Ilikuwa hivyo tangu binti yao Badria hajazaliwa, na sasa Badria ana watoto wake. Wateja walifuata baada ya Fikirini. Sitara mwenyewe alikunywa mwisho, yaliyobaki chini, pamoja na machicha ya tangawizi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alimwona mama yake akifanya, basi.

Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa mke mwenza bila kuambiwa. Habari alizipata kwa mteja, mkono wake umeshika kijiko cha sukari. Bi mdogo anaitwa Nasma, yuko Buguruni, bado kijana. Dini imemruhusu mwanamume, sawa, nani atabisha? Lakini dini haikumwambia aoe kwa kujificha kama mwizi wa kuku. Sitara alilia peke yake, akanawa uso, akakubali zamu. Siku hizi kwako, siku hizi kwake.

Ajabu ni kwamba hata asubuhi za Nasma, Fikirini alionekana benchini, mkono umenyooka kungoja kikombe.

"Baba Badria, leo si zamu yangu," Sitara alimwambia mara ya kwanza.

"Kwani nimekuja kulala? Nimekuja kunywa chai."

"Huko kwenu hakuna chai?"

Fikirini akashusha sauti. "Yule anapika maziwa. Majani yamepita tu kusalimia."

Benchi zima likacheka. Sitara naye alicheka, akamimina. Angefanyaje? Mtu akikuacha halafu akakukumbuka kwa kitu kimoja, kile kimoja unakishika.

Hazikupita siku nyingi, akaja Onesphory, mbeba mizigo aliyezoea kukaa benchini mpaka afukuzwe. Safari hii hakukaa.

"Shikamoo, Bi Sitara."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mgambo?"

"Aah, usinielewe vibaya. Huko kwa wauza nazi wanasema chai yako ina limbwata."

"Limbwata?"

"Dawa ya kumfunga mume. Bi mdogo ndiye anayesema. Ati mume anaamka kwake, hali, hanywi, anavaa viatu anakuja huku kama anavutwa kamba."

Sitara alicheka. Lakini kesho yake benchi lilikuwa na watu watatu, na keshokutwa mmoja. Wanaume wale wale wanaobeba magunia mawili kwa mpigo, wenye shingo kama nguzo, walikuwa wanaogopa glasi ya chai! Walipita upande wa pili wa barabara, wanasalimia kwa mbali, wanakwenda kunywa kwa wengine chai isiyo na ladha. Jina alilolijenga kwa moshi wa mkaa uliomharibu macho, linavunjwa na mtu asiyejua hata kuchemsha majani.

Halafu Nasma akaja mwenyewe. Asubuhi, soko limejaa, buibui linapepea. Fikirini alikuwa pale pale, kikombe mkononi.

"Nyie mnaopita, njooni muone!" Nasma alipaza sauti. "Mume wangu ndiye huyo! Dada, umemwekea nini? Chai gani inakuwa nyeusi hivyo kama si dawa?"

Watu wakasimama. Kariakoo hawahitaji kuitwa mara mbili.

Sitara akaweka birika chini. "Bi mdogo, mimi sina haja ya kujitetea. Mwenyewe huyu, ana mdomo. Baba Badria, mwambie mkeo kwa nini unakuja hapa."

Maneno yaliyotakiwa ni machache: napenda chai ya rangi. Mtoto mdogo angeyasema. Fikirini akaangalia kikombe, akamwangalia Nasma.

"Hata mimi nashangaa," alisema. "Nikiamka tu, miguu yenyewe inanileta. Sijielewi."

Mnasikia? Miaka yote ile anameza cha kwanza, na cha moto, leo hajielewi! Afadhali mke wake mkubwa aitwe mchawi mbele ya soko zima, kuliko yeye kumwambia bi mdogo kwamba chai yake haina majani.

Sitara hakupiga kelele. Alimnyang'anya kikombe mkononi, akakinywa chote, moto hivyo hivyo, mpaka machozi yakamtoka.

"Limbwata ndilo hili," alisema akijifuta mdomo. "Nimelinywa mbele yenu. Mbona simpendi?"

Watu wakaangua kicheko. Onesphory akapenya katikati, akakaa benchini kwa kishindo. "Nimiminie na mimi, Bi Sitara. Kama ni kufungwa nifungwe, magunia yamenichosha!"

"Mchawi halogwi na dawa yake!" Nasma alijibu, akageuka, akaenda zake. Fikirini akamfuata nyuma, na miguu yake ikamtii vizuri sana.

Hakuna aliyeomba radhi. Si Nasma, si mume, si wale waliohama benchi, ambao walianza kurudi mmoja mmoja kama vile walikuwa safarini.

Zamu ikarudi. Fikirini alilala chumbani kwa Sitara, akageukia ukuta. Asubuhi akakaa benchini, akanyoosha mkono kama kawaida. Sitara akampa kikombe.

"Nini hiki?"

"Maziwa. Nimeyachemsha peke yake. Hujielewi, mume wangu, nisije nikakuvuta bure."

"Mama Badria, yale yalikuwa maneno tu."

"Basi sema mengine. Hao wote wanakusikia. Sema kwa sauti unapenda chai ya rangi, nikumiminie sasa hivi."

Wateja wakaacha kutafuna maandazi waliyokuja nayo. Fikirini akatazama upande wa wauza nazi, maneno yanakosafiri mpaka Buguruni. Akainamisha uso, akanywa maziwa. Utando ukamganda kwenye masharubu.

Ndipo Sitara akavuta kigoda, akaketi mbele ya wanaume kabla hajahudumia hata mmoja, akajimiminia chai ikiwa bado inafoka. Ilikuwa chungu kwanza, halafu tamu, tangawizi ikamkwaruza koo na kushuka na moto wake. Kumbe ndicho alichokuwa akigawa miaka yote.

"Bi Sitara, na sisi tunangoja," Onesphory alisema.

"Ngojeni."

Na msidhani hasira ilikwisha. Alikunywa nayo, taratibu, mpaka chini.