Meduza Niliyoipaka Kijani

Siku yangu ya kwanza kazini Kasongo, Shefu wa ofisi ya picha za shule hakuniuliza hata kama najua kuchora. Alinisogezea makopo mawili ya rangi, akasema: "Kijani iko ya majani. Kahawia iko ya nyama. Usichanganye hata siku moja. Mutoto wa kule mbali, Wamaza, hana kitabu. Planshi yako ndiyo kitabu yake."

Planshi ni picha kubwa za kufundishia. Tulizichora kwenye kitambaa cha amerikani tulichokipaka uji wa muhogo na kukianika, ili rangi isitawanyike. Tulianza na makaa, halafu wino, rangi mwisho. Nimechora moyo, mzizi na mbu mpaka mkono ukazoea wenyewe. Shefu alikuwa mkali, nami nilimpenda kwa ukali wake. Siku moja nilimpaka chura kijani kidogo mgongoni, akanifokea: "Chura iko nyama!" yaani ni mnyama, si jani. Nikajitetea kwamba vyura wa kwetu ndivyo walivyo. "Wa kwenu wakae kwenu," akasema, na nikamfuta chura mzima.

Shefu alipopumzishwa kazi, nafasi yake ikachukuliwa na Mama Enspekta, mkaguzi wa shule, msomaji hasa. Asubuhi moja aliniletea karatasi aliyoinakili kwa mkono, inayoeleza habari za meduza, mnyama laini wa majini ambaye watu wa pwani humwita konyeza. Kumbe katika visiwa vya mbali kuna maziwa ya chumvi yaliyozungukwa na nchi kavu, na meduza wake hawana njia ya kutoka. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenye nyumba. Naye huogelea mchana kutwa akilifuata jua, wageni wake wasikose mwanga.

Nilipomaliza kusoma nilikaa chini. Mnyama anatembea na shamba lake mwilini, tena analipeleka juani mwenyewe! Nilimshangaa Mungu kwa sauti, Mama Enspekta akacheka.

Karatasi haikuwa na picha. Mwani ni jamaa wa majani, nikajiambia, basi rangi ni kijani. Nilichora planshi tatu, moja ya shule ya Kasongo, moja ya Kabambare, moja ya Wamaza. Zilipendeza kuliko zote nilizowahi kuchora, na kichwa kilinivimba.

Zilipobaki wiki chache nistaafu, Mama Enspekta akanionyesha picha kwenye simu. Meduza wa maziwa yale walikuwa na rangi ya chai. "Mwani yao ndiyo iko kahawia, Baba Saidi," akasema kwa upole. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Wacha tu," akaendelea. "Barabara imekufa, na weye uko karibu kupumzika. Nani kule atajua?"

"Kule hawana kitabu kingine. Ndiyo sababu naenda," nikamjibu.

Ile ya Kasongo niliirekebisha siku hiyohiyo, kisha nikapanda pikipiki na kopo la kahawia. Kabambare nilimaliza kazi bila maneno. Wamaza, nilipoeleza kosa, Mwalimu Riziki alisimama mbele ya planshi, hakutaka niiguse.

"Baba, ku mutihani, watoto wenye hawana kalamu ya rangi walipaka meduza na udongo, ikatoka kahawia. Niliwapa ziro. Sasa nitawaambia nini?"

"Uwaite," nikasema. "Nitawaambia mimi mwenyewe."

Niliwaambia kwamba picha ile niliichora mimi, kosa ni langu, na waliopaka udongo ndio waliopata. Kisha nikapaka kahawia mbele yao, polepole. Mwalimu Riziki akamwendea kila mtoto aliyempa ziro, akamtaja jina, akamwomba msamaha, akasahihisha daftari. Katika kazi yangu yote sijaona mwalimu mkubwa kama yule.

"Sasa andika jina yako, Baba," akasema. "Wajue iko mutu alichora."

Sisi hatukuwa na desturi ya kuandika majina, maana planshi ilikuwa mali ya ofisi. Niliandika hata hivyo.

Sasa niko nyumbani Kasongo, sichori tena. Planshi zangu nyingi zimeliwa na mchwa. Vijana wakiniuliza ni ipi ninayojivunia, nawaambia waende Wamaza wakaitazame ile yenye jina langu. Kijani bado kinaonekana kidogo pembeni.