Mfasiri wa Basi la Al Warqa

Eti nisimulie tena kisa hiki. Nyinyi hamna bibi zenu? Haya. Kwenye basi la kutoka Al Warqa, huko ughaibuni kwa Waarabu, nilimkuta binti wa Tanga akilia, begi mapajani. Ametoroka kazini kwa sababu kila akimpelekea chai madam wake Mwingereza, madam humwambia, "Cheers." Mlinzi mwenye kipara aliyekaa kando yake ndiye aliyemfasiria: "Anakukaribisha pombe, dada."

"Umemuuliza madam mwenyewe?" nikamwambia binti.

"Naona haya, bibi."

Ndiyo sisi, tunamwamini mjuaji wa kwetu kuliko mwenye maneno yake. Nikachukua simu yake, nikampigia madam. Kumbe ni asante tu, na binti anatafutwa nyumba nzima! Binti akasema anarudi.

"Yalla, twendeni, teremkeni!" nikawaamuru binti na mlinzi.

Mlinzi alilipa kosa lake kwa shingo yake: alibeba begi la binti kichwani, juani, mpaka mlangoni kwa madam. Madam akalipokea, akamwambia, "Cheers."