Uso wa Mujomba Wangu Niliupa Shetani

Nimekosa. Sitafuti wa kunitetea, na yule anayetaka kusema "pole, ulikuwa kijana" anyamaze kwanza! Nilikuwa na akili zangu zote, na mukono huu njo ulifanya.

Mimi ni muchoraji. Zile picha za vitabu vya dini na vya masomo, watoto wa Masisi wanazofungua shuleni, nyingi ni zangu. Watu wanasema misioni njo ilinifundisha. Uongo! Na uongo ule niliutunga mimi mwenyewe.

Nilizaliwa Walikale, porini. Mujomba wangu, kaka ya mama, alikuwa muwindaji. Akirudi mawindoni alikuwa anachora ukutani, kwa makala na udongo mweupe, namna nyama ilivyokimbia. Usingeuliza ni nyama gani! Siku moja alinipa kipande cha makala, akakaa mbele yangu. "Mupwa, nichore mpaka mama yako anijue."

Nilimuchora miaka. Mama alikuwa anacheka: "Huyo ni kiazi!" Mujomba ananishika mukono: "Angalia chini ya kidevu. Pale jua halifiki. Weusi uanzie pale." Sikio lake la kushoto lilipasuliwa na chui. Lile sikio nililijua kuliko langu.

Kisha nikaenda misioni moja ya Masisi, sitaitaja. Nikabatizwa, nikapewa meza, kalamu ya chuma na wino. Nikaona nimefika!

Siku moja Padri akaniletea kazi: picha kubwa ya katekismu, ya kutundikwa makanisani mpaka Walikale. Shetani wa vitabu vya Ulaya alikuwa na ndevu na pua ndefu. Wakristu wa kijiji cha Mushaki walimuangalia, wakaulizana kama siyo yule muzungu mwenye mashamba ya kule kwao. Kanisa nzima ilicheka! Padri akakasirika. "Chora Shetani ambaye watu wa hapa watamuogopa."

Na mimi, mujinga wa wajinga, nikataka sifa. Uso gani nilijua kuchora bila kufuta? Mumoja tu. Nikaweka macho mekundu, nikaweka kofia ya ngozi ya kima, ile Mujomba alikuwa anavaa siku za jando. Sikio nalo nikalipasua. Sitasema mukono uliteleza! Nilijua ni nani. Nilikuwa naona haya juu yake, mupagani wangu wa porini, nikawaza: huku nani atamujua, na Walikale ni kubwa, haitafika porini kwetu.

Wapi! Picha ilifika mpaka kijijini kwetu.

Mujomba alikuwa ameanza mafundisho ya ubatizo, uzeeni, sababu mama alimuomba sana. Jumapili akaingia kanisani, watoto wakaangalia picha, wakamuangalia yeye, wakapiga kelele na kukimbilia mama zao. Tangu siku ile wawindaji wenzake wakakataa kutega nyavu pamoja naye. Nyama aliyoua, hakuna aliyeigusa. Muntu aliyelisha kijiji kizima!

Akaja kwa miguu, kutoka Walikale mpaka misioni. Nilikuwa mezani, Padri amesimama nyuma yangu. Mujomba hakupiga kelele.

"Mupwa, chora ingine. Ao waambie watu kule siyo mimi."

"Siyo wewe," nikasema. "Niliitosha kichwani mwangu tu."

Akaiangalia picha. Akaweka kidole chini ya kidevu cha Shetani. "Na hii, nani alikufundisha?"

Padri akainama kunisikiliza. Nikaona meza yangu inaniponyoka. Nikajibu: "Padri."

Ee Mungu, ulimi huu! Mujomba aliitikia kwa kichwa, akatoka. Sikumupa hata maji ya kunywa. Na Padri akatabasamu! Alijua vizuri hakunifundisha kitu. Mpaka leo niko na hasira naye juu ya tabasamu ile, lakini hasira kubwa iko kwangu mwenyewe.

Mujomba alikufa kabla ya mvua kwisha, bila ubatizo, bila mwenzake hata mumoja. Kwetu mupwa njo anamimina udongo wa kwanza kaburini. Nikanyoosha mukono nipewe jembe. Mama, mama aliyenizaa, akalinyakua, akamupa muntu mwingine. Kumbe Mujomba alimuhadithia yote.

"Wewe mujomba wako ni Padri," akaniambia mbele ya watu. "Nenda umungoje yeye afe."

Niliwaomba wakubwa wa misioni waitoshe ile picha ukutani. Wakakataa: inafanya kazi yake, watu wanaogopa! Bado iko makanisani, mpaka kule Mweso.

Mwezi uliopita nilimuchora tena namna alivyokuwa, anacheka, nimutundike kwangu. Binti yangu akaingia, akasimama. "Papa, juu ya nini Shetani anacheka?"

Nikaipasua ile karatasi mbele yake, na mutoto akalia, hakujua kosa lake ni nini. Kosa si lake!

Kwa hiyo ninyi muliofundishwa kazi, iwe kuchora, kufinyanga ao kushona, sikieni. Musiniambie picha ni karatasi tu. Ukiulizwa nani alikuonyesha, mutaje mbele ya wakubwa, angali anasikia, hata kama amekuja na matope miguuni. Kazi haitakupotea juu ya jina lake. Na ikipotea, ipotee! Mimi nilibaki na meza yangu, na mama yangu mpaka leo haangalii picha yangu hata moja.