Mke Nimemkataza Ngoma, Mume Nimembariki Akatazame za Uchi

Kisa hiki kimetufikia kutoka Tabora. Mwenyewe ameomba jina lake lisitajwe, nasi tumelificha.

Wasomaji wa ukurasa huu, wakubwa zangu shikamooni, ingawa wakubwa zangu wengi sasa wako makaburini. Wadogo, marahaba. Miaka yangu siijui. Wabelgiji walipoingia Tabora kumtoa Mjerumani nilikuwa nimeshavunja ungo, basi pigeni hesabu nyinyi mliosoma. Mimi sikusoma. Haya ananiandikia mwalimu wa kisomo cha watu wazima hapa Gongoni. Nimemwapisha asiseme kwa mtu, na akicheka tena namfukuza.

Nina mjukuu, mtoto wa marehemu binti yangu, nimemlea kwa mikono hii. Ni fundi mitambo. Serikali imemchagua aende Ulaya akajifunze mashine mpya, aje awafundishe wenzake, maana siku hizi tumeambiwa tujitegemee. Hajawahi kuvuka mpaka. Kwa utani wetu mimi ndiye mke wake mkubwa. Mke wake wa ndoa ni binti wa Kwihara, mtoto mpole mwenye mguu wa ngoma: akiingia uwanjani wengine wanakaa chini. Mimi ndiye niliyekuwa somo yake. Ya unyumba yote nilimfundisha mimi.

Sasa sikieni kosa langu. Babu zetu walikuwa wapagazi, walibeba pembe kwa mabega kutoka hapa mpaka pwani. Katika nyumba yetu yamebaki mambo yao mawili. La kwanza, msafiri husimama kizingitini, mzee wa nyumba akatia kinywani maji yenye unga wa mtama, akampulizia kifuani na kumwambia, "Ulichokiendea ukakipate." Haulizwi anaendea nini, hilo ni lake na moyo wake. La pili, mkewe hachezi ngoma mpaka mume arudi. Akicheza yeye nyumbani, mzigo unamwelemea mume njiani. Shehe wetu hayapendi haya, nami sala tano naswali, lakini ndivyo nilivyolelewa.

Basi nikampulizia. Nikamwambia neno lile kwa sauti, mkewe amepiga magoti pembeni, naye nikamwambia la kwake. Akasema, "Nimekubali, bibi." Baba wa binti alikuwa ameleta debe dogo la asali ya mizinga yake, mkwewe akawape wenyeji wake kule.

Stesheni, mkewe kaenda kumtafutia maji ya kunywa, mjukuu wangu akaniinamia dirishani.

"Mke wangu mkubwa, nikupe siri?"

"Toa, mume wangu. Treni haina subira."

"Huko kuna nyumba, watu wanakaa kwenye viti, wanakunywa, wanawake wanacheza mbele yao hawana nguo. Mwenzangu aliyerudi kanifundisha yote. Usiguse, usiropoke, vaa tai. Tai ninayo."

"Wanavua zote?"

"Zote, bibi."

"Na baridi ile mnayoisema?"

Akacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka nikashika ubavu. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Ulimi wangu umezoea utani, ulitangulia akili.

Akapiga lile debe. "Asali hii nampa bawabu, aniketishe mbele."

Kicheko kikanikauka. "Mshenzi wee! Asali ya mkweo? Umeyamaliza ya mkeo ndiyo ukatazame ya watu?"

"Ni kutazama tu, bibi. Halafu wewe si umeshanibariki? Umesema nilichokiendea nikakipate."

Treni ikalia, ikaondoka. Mkewe akaja mbio na chupa ya maji, hakumwahi. Akaniuliza, "Bibi, amesema nini?"

Nikamjibu, "Amesema nikuangalie."

Mjukuu wangu bado yuko Dar es Salaam, anafundishwa kwanza lugha ya huko, ndege yake ni baada ya Idi. Na kabla ya Idi, mdogo wake huyu binti anaolewa, ndugu yake wa pekee. Juzi mke wa mjukuu wangu amekuja kukaa miguuni pangu.

"Bibi, hata kwa mdogo wangu nisicheze?"

Nikajitia kufunga upya kanga yangu.

"Basi nitawapigia makofi tu. Sitaki mzigo umwelemee mwenzangu."

Wasomaji, nilitamani ardhi inimeze. Mtoto huyu nimemfunga miguu kwa mdomo wangu, na kwa mdomo huohuo nimemfungulia njia mumewe akatazame ngoma za wasiojua haya. Na mimi ndiye niliyemwambia kwenye unyago kwamba somo hamdanganyi mwali wake.

Dawa ipo, nayo ni chungu. Neno lililotoka na maji halirudi ila msafiri asimame tena kizingitini, mkewe akiwepo, na mzee atamke kwa nini analirudisha. Nikimwita arudi, lazima niyataje ya nyumba zile mbele ya binti wa watu na baba yake wa asali. Ndoa bado mbichi, itavunjika. Nikinyamaza, mwenzenu nitakaa arusini nikimtazama anapiga makofi, na mume yuko njiani na debe lake.

Wengine mtasema mruhusu tu acheze. Ataniuliza, "Kwa nini, bibi?" Nitamjibu nini?

Nitukaneni, nimestahili, lakini baada ya matusi nipeni neno. Arusi inakaribia, na jana nimemkuta nyuma ya nyumba, peke yake, anatwanga mtama, na miguu yake inacheza. Aliponiona akaisimamisha, akaniomba radhi. Mimi, aliniomba radhi mimi! Nifanyeje, wanangu?